Laini ya Ugenini Inapogoma: Matatizo ya Simu Safarini, Vyanzo Vyake na Namna ya Kuyatatua

Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaokwenda Guangzhou na Istanbul, wagonjwa wanaopelekwa India, mahujaji na vijana wanaokwenda masomoni hurudi na lalamiko moja: laini niliyonunua kule iligoma. Baada ya miaka kadhaa ya kuwaandalia watu safari na kupokea simu zao za usiku wa manane, nimeona kwamba laini yenyewe ni nadra kuwa mbovu. Mara nyingi kasoro iko kwenye simu aliyoibeba msafiri, au kwenye usajili ambao haukukamilika, au kwenye kifurushi ambacho mnunuzi alidhani amejiunga nacho ilhali ameweka salio tu. Makosa yote matatu yanaweza kugunduliwa ungali mbele ya kaunta ya muuzaji, na ndiyo maana nasisitiza kwamba usiondoke dukani kabla hujapiga simu moja, hujafungua ukurasa mmoja wa intaneti Wi-Fi ikiwa imezimwa, na hujaona kwa macho yako ujumbe unaotaja ukubwa wa kifurushi na siku kitakapokwisha.

Kuhusu bei nitasema jambo moja tu. Vibanda vya uwanja wa ndege kwa kawaida huuza ghali kuliko maduka ya mjini, na huwauzia wageni vifurushi vikubwa vya watalii hata kama mtu anakaa siku 4. Ikiwa hoteli yako ina Wi-Fi na kuna mtu wa kukupokea, subiri ununue mjini, katika duka la kampuni yenyewe.

Simu inaandika "Hakuna huduma" au "Simu za dharura pekee"

Anza na mambo mepesi. Zima simu kabisa, toa kadi, ifute kwa kitambaa kikavu, irudishe ikiwa imekaa sawasawa kwenye trei, kisha uwashe. Kipini cha kufungulia trei husahaulika nyumbani na karibu kila mtu. Ncha ya hereni hufanya kazi ileile. Simu ikiwa na nafasi mbili, jaribu nafasi ya kwanza, kwa sababu baadhi ya simu za zamani za laini mbili huipa nafasi moja tu uwezo wa 4G na kuiacha nyingine na 2G, mtandao ambao katika nchi kadhaa umekwisha kuzimwa. Washa hali ya ndegeni kwa nusu dakika, kisha uizime.

Ikiwa bado hakuna kitu, chanzo kinachoongoza ni usajili ambao haujapita. Nchini India, mgeni hutakiwa kutoa pasipoti, viza na picha, na laini yake huweza kuchukua saa kadhaa, pengine siku nzima, kabla haijafunguliwa. China humtaka mnunuzi aoneshe pasipoti, na tangu Desemba 2019 hupigwa picha ya uso dukani. Saudi Arabia huchukua alama za vidole, na Afrika Kusini, kwa sheria inayojulikana kama RICA, hutaka pia uthibitisho wa mahali unapokaa, kwa hiyo barua ya hoteli au ya mwenyeji wako si karatasi ya kutupa. Uingereza, kinyume chake, laini ya kulipia kabla hununuliwa dukani kama sabuni, bila kuulizwa jina. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji si bei, bali ni saa ngapi laini itafunguka na ni ujumbe gani utakaokuja kuthibitisha.

Chanzo cha pili ni simu iliyofungwa kwa mtandao mmoja. Simu nyingi zinazouzwa madukani kwetu hukubali laini yoyote, lakini ile uliyoletewa na ndugu kutoka Marekani, au uliyonunua kwa mkopo wa kulipa kidogokidogo, inaweza kuwa imefungwa. Ipime ukiwa nyumbani kwa kuazima laini ya mtandao mwingine na kuiweka dakika mbili. Simu ikidai namba ya kufungulia, wanaoweza kuifungua kihalali ni kampuni iliyoifunga. Usibahatishe namba, kwa maana majaribio yana ukomo, na usimpe fundi wa kando ya barabara katika mji usioujua, kwani mbali na hela utakayompa, utakuwa umemkabidhi picha zako, mazungumzo yako na programu ya benki.

Chanzo cha tatu huwapata zaidi wanaokwenda Marekani. Mitandao mikubwa ya huko ilizima 3G mwaka 2022, na sasa simu hutakiwa kupiga sauti kupitia 4G, uwezo unaoitwa VoLTE. Tena minara ya huko hutumia bendi, yaani masafa ya mawimbi, ambazo simu nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Afrika hazina, hasa bendi 12, 13 na 71 zinazobeba mawimbi ndani ya majengo na vijijini. Matokeo yake ni simu nzuri kabisa, mpya, inayoshika mtandao barabarani na kuupoteza ukiingia sebuleni. Soma boksi la simu au ukurasa wa mtengenezaji, ulinganishe bendi zake na za mtandao unaotaka kujiunga nao. Kama hazimo, hakuna mpangilio utakaoziweka. Nunua simu ya bei nafuu hukohuko na hii yako uitumie kwa Wi-Fi.

Uturuki ina kisa chake. Simu iliyotoka nje ikiwekewa laini ya Uturuki huruhusiwa kutumika siku 120, kisha namba yake ya utambulisho, IMEI, hufungiwa na mitandao yote ya nchi hiyo isipokuwa imesajiliwa kwa kulipiwa ada, ambayo ni makumi ya maelfu ya lira. Mfanyabiashara wa wiki mbili hana haja ya kujali. Mwanafunzi, anayekaa mwaka, hushtuka mwezi wa tano simu inapozimika mtandao huku Wi-Fi ikifanya kazi. Simu hiyo haijaharibika, na itashika mtandao kama kawaida akirudi nyumbani. IMEI ina tarakimu 15, na utaiona kwa kubonyeza *#06#. Iandike kwenye karatasi kabla ya safari. Akitokea mtu anayejidai kubadilisha IMEI, achana naye: ni kosa la jinai katika nchi nyingi, na simu iliyochezewa hivyo inaweza kufungiwa moja kwa moja.

Mtandao upo lakini intaneti haifunguki

Kwa simu ya laini mbili, kagua kwanza ni laini ipi imechaguliwa kutoa data. Hili ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko mengine yote: mtu ameweka laini mpya, ameweka kifurushi, lakini simu bado imeelekezwa kutumia data ya laini ya nyumbani ambayo rominga yake, yaani ruhusa ya kutumia mitandao ya wengine, imezimwa. Ingia kwenye mipangilio ya laini, chagua laini mpya kwa data, na uache ya nyumbani ikiwa ya ujumbe tu.

Linalofuata ni salio kudhaniwa kuwa kifurushi. Muuzaji akikuwekea riyali 50 au dirhamu 50, hajakuunganisha na bando lolote mpaka aseme hivyo au uone ujumbe, na mitandao mingine huzuia data kabisa kwa mtu mwenye salio bila kifurushi.

Ikiwa vyote viwili viko sawa, kagua APN, yaani jina la mlango ambao simu hupitia kwenda kwenye intaneti. Kwa kawaida hujiandika lenyewe laini inapoingia, ila simu ambayo imetembea nchi nyingi hubaki na jina la zamani. Katika Android limo ndani ya mipangilio ya mtandao wa simu. Jina sahihi huwa limeandikwa kwenye kipeperushi kilichokuja na kadi. Usifute lililopo. Ongeza jipya, lihifadhi, lichague, kisha uzime na kuwasha simu. Kwa laini za kampuni zisizo na minara yake, zinazokodi minara ya wengine, na kwa eSIM nyingi za wasafiri, yaani laini zisizo na kadi zinazopakuliwa ndani ya simu, rominga ya data lazima iwashwe hata kama umesimama katikati ya nchi uliyonunulia laini, kwa sababu kwa mnara ule wewe ni mgeni. Watu wengi huogopa kuiwasha, na woga huo ni sahihi kwa laini ya nyumbani, si kwa hii.

Kisha iko China, ambako intaneti hufunguka na bado ukadhani imegoma. Google, WhatsApp, Facebook na Instagram zimezuiwa huko, kwa hiyo mtu akitumia WhatsApp kama kipimo cha intaneti atabadilisha laini tatu bila faida. Pima kwa WeChat au Baidu. Jambo ambalo wasafiri wetu wengi hawalijui ni kwamba laini ya nyumbani iliyo kwenye rominga, pamoja na eSIM zinazopitisha data nje ya China bara, hazikutani na kizuizi hicho, kwa kuwa data yake husafirishwa mpaka kwenye mtandao wa kampuni iliyotoa laini kabla ya kuingia kwenye intaneti. Anayehitaji WhatsApp kuwasiliana na dukani Dar es Salaam afanye mpango huo kabla ya kupanda ndege, maana programu kadhaa na kurasa za kununulia eSIM hazipatikani ukishatua.

Data inafanya kazi, lakini simu za kawaida hazitoki

Mama mmoja muuza vitenge alinitafuta kwa WhatsApp akiwa hotelini Guangzhou, eneo la Xiaobei, akitumia eSIM aliyonunua Dar kwa data na laini ya kule kwa kupigia. Laini ya kwanza ilimkatalia kumpigia mumewe, akanunua ya pili, nayo ikakataa. Nilimwomba anisomee namba ya mumewe kama ilivyoandikwa kwenye simu yake. Akaanza: "Sifuri, saba..." Nikamkatiza hapohapo. "Mama, toa sifuri. Anza na alama ya kujumlisha, halafu mbili tano tano, ndipo hiyo saba." Simu ikaita. Laini zote mbili zilikuwa nzima.

Majina mengi kwenye simu zetu yamehifadhiwa kwa sifuri, na sifuri hiyo ina maana ndani ya nchi tu. Hifadhi namba muhimu kwa +255 kwa Tanzania, +254 kwa Kenya, +256 kwa Uganda, +250 kwa Rwanda, +257 kwa Burundi, +243 kwa Kongo, nazo zitapigika ukiwa nyumbani na ugenini. Hata hivyo laini ya kulipia kabla inaweza kuwa haikufunguliwa kupiga nje ya nchi, au kifurushi chake kikawa kinahusu namba za ndani pekee. Hapo simu hukatika mara moja au sauti ya kurekodiwa hukujibu kwa lugha usiyoielewa. Muulize muuzaji waziwazi. Tatu, eSIM nyingi za watalii ni za data tupu na hazina namba ya simu kabisa, jambo lililoandikwa kwenye maelezo ambayo watu hawasomi.

Katika Falme za Kiarabu lalamiko hugeuka: ujumbe na picha za WhatsApp hupita, simu za sauti na video hazishiki. Hiyo ni sheria ya mawasiliano ya nchi, na kubadilisha laini hakusaidii. Tumia programu zilizoidhinishwa huko, kama Botim, au nunua dakika za kupiga nje. Kuhusu VPN, yaani programu inayoficha anwani yako ya mtandao, sheria ya mwaka 2021 ya makosa ya mtandao inaweka faini ya kati ya dirhamu 500,000 na 2,000,000 kwa anayetumia njia ya kuficha anwani yake ya mtandao ili kutenda kosa au kuzuia lisigundulike. Mtu aliyekwenda Deira, Dubai, kununua simu za jumla hana sababu ya kujaribu tafsiri ya kifungu hicho. Aulize kampuni ya simu lililoruhusiwa.

Salio au kifurushi kinaisha kabla ya siku zake

Hapa chanzo karibu kila mara ni simu yenyewe kufanya kazi usizoziona. Picha zote za siku hupandishwa kwenye hifadhi ya mtandaoni, programu hujisasisha, video za kwenye makundi hujipakua. Kabla ya kununua kifurushi kikubwa zaidi, zima usasishaji wa programu kwa data, ruhusu picha zihifadhiwe kwa Wi-Fi peke yake, zima upakuaji wa video katika WhatsApp, na uwashe kipengele cha kuokoa data. Kisha angalia orodha ya matumizi ndani ya mipangilio. Itakuonesha programu inayokula, na mara nyingi utashangaa. Ikiwa umemwashia mwenzako hotspoti, kompyuta yake ikidhani imepata Wi-Fi ya bure inaweza kumaliza GB zako wakati mnakunywa chai.

Kifurushi kinapokwisha, mitandao mingine huendelea kukata salio kwa bei ya kawaida, ambayo huwa juu sana. Weka salio la kutosha kifurushi tu, au omba data isimame kifurushi kikiisha.

Hatari kubwa ya fedha, hata hivyo, iko kwenye laini ya nyumbani iliyoachwa na rominga ya data ikiwa imewashwa. Huhitaji hata kupanda ndege: pale Namanga au Horohoro simu huweza kushika mnara wa upande wa pili wakati wewe umekaa upande wako unasubiri gari. Ukiwa mpakani, acha simu isichague mtandao yenyewe. Uchague kwa mkono ule wa nchi uliyomo. Kwenye meli na ndani ya ndege zenye mtandao wa setilaiti, weka hali ya ndegeni safari nzima, kwa sababu vifurushi vya nchi kavu kwa kawaida havihusiki huko.

Ulaya kuna unafuu wa kweli. Tangu tarehe 15 Juni 2017, laini iliyonunuliwa katika nchi moja ya Umoja wa Ulaya hutumika katika nchi nyingine za umoja huo, pamoja na Norway, Iceland na Liechtenstein, bila gharama ya ziada ya rominga, ingawa vifurushi vikubwa huwekewa kikomo cha data ukiwa nje ya nchi ya laini. Uswisi haimo katika utaratibu huo, na Uingereza ilitoka pamoja na kujiondoa kwake kwenye umoja. Anayepanda treni kutoka Paris kwenda London au Geneva asome masharti ya laini yake kabla ya kuvuka, kwani baadhi ya kampuni hujumuisha nchi hizo kwa hiari yao na nyingine hazifanyi hivyo.

eSIM inakataa kuingia

Bonyeza *#06#. Ikiwa orodha inayotokea haina EID, namba ya tarakimu 32, simu hiyo kwa kawaida haina uwezo wa eSIM na fedha ya kununulia ibaki mfukoni. Simu za iPhone zinao tangu XS na XR za mwaka 2018, lakini nyingi zilizotengenezwa kwa soko la China bara hazinao, na soko letu la simu zilizotumika lina nyingi za namna hiyo. Ikiwa EID ipo, hakikisha una Wi-Fi imara wakati wa kuskani msimbo wa QR uliopewa na muuzaji, kwani eSIM hupakuliwa kwa intaneti. Iskani ukiwa nyumbani, iwashe ukifika. Ikigoma baada ya kuingia, usiifute kwa matumaini ya kuanza upya, maana misimbo mingi hutumika mara moja tu. Mwandikie muuzaji ukiwa na risiti.

Simu inadai PIN au PUK

PIN, namba ya siri ya kadi, ikikosewa mara tatu, kadi hujifunga na kudai PUK, namba ya kuifungulia, iliyochapishwa kwenye fremu ya plastiki ambayo kadi ilibanduliwa. Itunze fremu hiyo ndani ya pasipoti. PUK ikikosewa mara kumi kadi hufa kabisa, kwa hiyo baada ya jaribio la pili nenda dukani na kitambulisho.

Ujumbe wa benki na wa fedha za simu haufiki

Wasafiri wengi hutoa laini ya nyumbani, huiweka kwenye pochi, na siku ya kumlipa muuzaji hugundua kwamba benki inatuma namba ya uthibitisho kwenye kadi iliyolala pochini. Laini hiyo ibaki ndani ya simu, data yake ikiwa imezimwa. Kwenye mitandao mingi kupokea ujumbe mfupi ukiwa rominga hakukatwi hela, lakini rominga lazima iwe imefunguliwa na mtandao wako kabla ya kuondoka, tena kwa baadhi ya mitandao hutaka salio la kuanzia. Ikiwa haishiki mtandao wowote, chagua mwingine kwa mkono katika orodha, kwa kuwa mtandao wako una makubaliano na baadhi ya kampuni za kule, si zote. WhatsApp nayo ikikuuliza kama unataka kubadilisha namba baada ya kuweka laini mpya, kataa. Akaunti huendelea na namba ya zamani bila shida.

Dalili moja haifai kupoteza muda nayo. Laini ya nyumbani iliyokuwa ikipokea ujumbe vizuri siku kadhaa ikazimika ghafla, wakati wenzako wenye laini za mtandao huohuo wanaendelea kupata huduma, inawezekana kuna mtu ameibadilisha kwa jina lako na sasa anapokea namba zako za siri. Usizime na kuwasha simu, usiende kutafuta APN. Tumia simu ya mwenzako au Wi-Fi ya hoteli, piga benki kwanza wazuie akaunti, kisha kampuni ya simu waifunge laini, na ndugu aliye nyumbani aende polisi kuripoti siku hiyohiyo.